Mbuzi, Moja

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wangu nawapa mwiko siku ya kwanza,
na ufunguo, na neno la siri la intaneti
nililoliandika nyuma ya kalenda ya msikiti.

Nyumba ilikuwa ya mama. Chumbageni,
mtaa wa nyuma, geti la kijani lililochubuka
pale baiskeli ya baba ilipozoea kuegemea.
Arobaini ilipokwisha, kaka Mhina akasema:
tukodishe. Watu wa likizo wanataka kujipikia.
Weka sufuria tu.

Sufuria tu, kasema mtu
ambaye hajawahi kuipua hata uji.

Wa kwanza, mume na mke kutoka Moshi,
walipiga simu saa tatu usiku:
samahani, chumvi iko wapi?
Aibu ikanichoma mpaka nyayo.
Kwa mama, mgeni haulizi chumvi.
Chumvi humtangulia mezani.

Wa pili alitaka kisu.
Vipo vitano, nikamwambia. Akajibu kwa upole:
vipo, dada, ila vyote vinapapasa.
Akaja wa chujio la chai.
Bwana Chilewa wa Dodoma hakuona kifungua chupa,
akatumia kitasa cha mlango wa choo;
alama ipo hadi leo.
Na yule mama aliyehesabu vijiko mbele yangu,
saba, na wao wanane,
akanitazama kama kwamba cha nane nimekimeza.

Basi nikajifunza.
Kiberiti, maana jiko la gesi lina kiburi.
Tochi, kwa siku umeme ukiamua.
Ndoo yenye mfuniko, kwa siku maji yakiamua.
Sabuni nzima, si ule ukoko wa mwisho
ulioshika unywele wa mtu.
Mafuta ya kula, robo chupa. Majani ya chai ya Lushoto.
Sukari, kwenye kopo ambalo sisimizi bado hawajalijua.

Vya mama nikavifungia kabatini:
bakuli la maua, kawa aliyoisuka bibi,
na mbuzi yake ya nazi, ubao uliolika katikati
kwa miaka na miaka ya kukaliwa.
Nani anakuna siku hizi? Tui la pakiti lipo dukani.

Agosti ukaingia ujumbe:
*Mbuzi ipo?*
Nikajibu nyama atapata Mgandini, aende asubuhi,
mkaa nitamletea mwenyewe.
Akacheka kwa maandishi, mstari mzima.
*Ya nazi, dada. Nimenunua nazi tatu.
Mwanangu hajawahi kuiona.*

Alikuwa Mwajabu, mzaliwa wa Pangani,
mwaka wa kumi na moja sasa yuko Mwanza,
kwenye samaki wasiojua tui.
Nikafungua kabati. Meno yameshika kutu.
Ngoja niyasugue, nikasema, kwa ndimu na chumvi.
(Chumvi ilikuwepo.)

Akakaa upandeupande, kama mama, magoti pamoja,
akaanza. Kru. Kru.
Nikashika ukingo wa sinki
nikajifanya naangalia bomba linalovuja.
Mtoto akachota nazi kwa kidole,
akalamba, akauliza kwa nini kiti kina meno.

Wakanizuia nisiondoke.
Mimi, mwenye nyumba, nikala wali
kwenye sahani ninazozihesabu kila Jumapili.
Nikainua macho kutafuta chumvi.
Ilishakaa upande wangu.

Siku hizi karatasi iliyobandikwa juu ya friji
ina mstari mmoja zaidi, kwa kalamu nyekundu:
*Mbuzi, moja. Tafadhali isilale nje.*
Wageni watatu waliofuata
wameanikia viatu juu yake.
Nimefuta mchanga, nimeirudisha jikoni.
Haifungiwi tena.